Adolphe Kégresse, fundi wa theluji

Baba yangu mdogo ana gari dogo jepesi, ambalo chini yake hapafiki shibiri moja na nusu kutoka ardhini. Mvua zinapokaza hapa Bunia, kuanzia Agosti hadi Novemba, analipandisha juu ya mawe manne, anatoa betri, analifunika turubai na kungoja kiangazi. Barabara ya Mahagi au ile ya Komanda ikishageuka potopoto, anasema, gari la namna hiyo ni la kuangaliwa tu. Katika nchi za baridi wenye magari ya mbio hufanya vilevile: theluji ikianguka, gari huingia karakanani na kulala humo mpaka hali ya hewa ifunguke.

Nilimkuta Kégresse nilipokuwa nikikusanya maneno ya usafiri kwa ajili ya kazi yangu ya mwaka. Nilitaka kujua kwa nini Wafaransa walikuwa na gari waliloliita kiwavi. Neno hilo likanipeleka kwa mtu aliyekataa kuliacha gari lilale kwa sababu ya majira, na maisha yake yana jambo la kutufaa sisi wa kitivo cha lugha.

Adolphe Kégresse alizaliwa mwaka 1879 huko Héricourt, mashariki mwa Ufaransa. Alikuwa fundi wa mitambo. Akiwa bado kijana alikwenda Urusi, akapata kazi katika karakana ya Tsar Nikolai wa Pili. Tsar alipenda magari na alikuwa nayo mengi, mazuri na ya bei kubwa. Lakini Urusi ina miezi mingi ya theluji, na katika miezi hiyo magari hayo hayakuwa na kazi. Farasi na sleji, yaani gari la kuteleza lisilo na magurudumu, ndio waliotawala njia.

Kégresse aliona kwamba shida haikuwa nguvu ya injini. Gurudumu hugusa ardhi mahali padogo mno, padogo kama kiganja, na uzito wote wa gari hukaa hapo. Juu ya theluji laini gurudumu huchimba shimo lake lenyewe na kuzama. Dawa yake ilikuwa kuutandaza uzito. Aliondoa magurudumu ya nyuma, akaweka mkanda mpana wa mpira unaozunguka kwenye magurudumu madogo, na mbele akafunga vipande vya kuteleza. Gari likapita juu ya theluji bila kuzama. Mikanda ya chuma ilikuwepo tayari kwenye matrekta mazito. Mpira ulikuwa mwepesi, haukupiga kelele nyingi, na uliliruhusu gari kwenda kwa mwendo wa gari.

Mwaka 1917 mapinduzi yakamwondoa Tsar, na Kégresse akarudi Ufaransa. Uvumbuzi wake ulibaki Urusi bila yeye. Lenin, mtu wa upande uliompindua tajiri wake, alitumia Rolls-Royce iliyofungwa mikanda ya Kégresse, na gari hilo limehifadhiwa hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Gorki, karibu na Moscow. Watawala walibadilika, lakini theluji ilibaki ileile.

Huko Ufaransa alikutana na André Citroën, mwenye kiwanda cha magari. Citroën alielewa upesi kwamba kitu kinachopita juu ya theluji kitapita pia juu ya mchanga. Desemba 1922 magari matano ya mikanda yaliondoka Touggourt, Aljeria, na Januari 1923 yakafika Timbuktu. Halafu ikaja safari inayotuhusu sisi. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari manane yaliondoka Colomb-Béchar chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalipita Niger, Chad na Ubangi, yakaingia Kongo ya Wabelgiji, yakafika kwa Wamangbetu wa upande wa Niangara, majirani zetu wa Uele. Huko Uganda msafara ukagawanyika, na Juni 1925 kundi la Haardt likafika Antananarivo. Kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya baridi ya Urusi kilikuwa kimevuka misitu na matope ya kwetu.

Hapo ndipo kalamu yangu inaposita. Katika taarifa za safari hiyo majina ya viongozi yameandikwa vizuri, na jina la Kégresse, ambaye alikuwa fundi tu, limekuwa jina la mtambo wenyewe: watu walisema Citroën-Kégresse kama tunavyosema leo aina ya gari. Lakini njia zilizopitwa na magari hayo katika Kongo zilifunguliwa kwa mikono ya watu waliolazimishwa kazi, na majina yao hayamo. Jina moja la Kiafrika lililopata umaarufu ni la mwanamke wa Kimangbetu, Nobosodru, aliyepigwa picha ya upande akiwa na nywele zake zilizosukwa kwenda juu. Sura yake ilichongwa na François Bazin kuwa pambo la kufungwa kwenye pua ya gari. Kwa hiyo mwanamke huyo naye alipita katika majira ya baridi ya Ulaya, mbele ya radieta, bila mtu kumwuliza. Hata herufi za jina lake hazikubaliani: kila mwandishi analiandika kivyake. Sisi tunaojifunza fonolojia ya lugha za Kongo tunajua kosa hilo linatoka wapi: jina liliandikwa na watu wasioisikia lugha yake.

Kégresse hakuacha kazi. Mikanda yake ilivuka Asia pia mwaka 1931 na 1932, na katika jangwa la Gobi msafara wa Haardt ulikutana na baridi kali ya kweli. Haardt mwenyewe aliugua na kufa Hong Kong mwezi Machi 1932, muda mfupi baada ya kufika. Jeshi la Marekani lilinunua gari la Kégresse, na humo yakatoka magari yake ya nusu-mikanda ya vita vya pili vya dunia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 Kégresse alibuni gia yenye ambreyaji mbili (ndugu zetu wa Tanzania husema klachi): moja inaposhika gia ya sasa, nyingine imekwisha kuandaa inayofuata. Alikufa mwaka 1943, kabla wazo hilo halijapata soko. Porsche walilitumia katika magari ya mashindano miaka ya 1980, na leo magari mengi ya mbio yana gia ya namna hiyo. Yaani magari yaleyale yanayolazwa karakanani theluji ikianguka yanabeba wazo la mtu aliyetaka magari yasilale.

Nilipomsimulia baba mdogo habari hizi, aliniuliza swali moja: je, mikanda hiyo inauzwa wapi? Nikamwambia haiuzwi tena. Basi akarudi kukaza kamba ya turubai.

Mimi nimerudi kwenye orodha yangu. Nimeanza kuwauliza madereva wa malori wanaokwama njiani maneno yao ya matope: lile laini juu na gumu chini, lile linalovuta gurudumu, lile linaloteleza. Wana neno kwa kila moja. Naandika neno na, msemaji akikubali, jina lake pembeni, kwa herufi anazozichagua mwenyewe.