Hugh Tracey

Hugh Travers Tracey (Devon, Uingereza, 29 Januari 1903 – 23 Oktoba 1977) alikuwa mtafiti aliyerekodi muziki wa asili wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini.

Maisha

Akiwa kijana alikwenda Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe) kulima tumbaku pamoja na kaka yake. Shambani alijifunza nyimbo za wafanyakazi wa Kishona, na mwaka 1929 aliwapeleka baadhi yao Johannesburg wakarekodiwe. Baadaye alifanya kazi ya redio mjini Durban. Mwaka 1954 aliunda Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika (ILAM), ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Namna ya kurekodi

Mwaka 1950 alizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda kwa gari lenye mitambo. Jenereta liliwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye kanda, na wanamuziki walipiga nje, mahali pasipo na mwangwi wa kuta.

Wakati huo stereo ilikuwa imeshabuniwa: Alan Blumlein, Mwingereza aliyezaliwa mwaka uleule wa 1903, aliomba hataza yake mwaka 1931. Lakini santuri za stereo ziliingia sokoni mwaka 1958 tu. Rekodi za safari ile zilikuwa za mkondo mmoja, ambapo sauti zote hutoka mahali pamoja, na wakati huo sauti iliyofunikwa na ngoma haikuweza kuinuliwa baadaye. Kwa sababu hiyo Tracey alishika maikrofoni mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji anapoimba na kuirudisha kwenye nyuzi anaponyamaza. Kazi hiyo ilidai sikio kuliko fedha, na hata leo anayetaka kurekodi piano ya kanisani kwa vifaa vichache anaweza kujifunza kwake.

Rekodi mashuhuri ya safari hiyo ni Chemirocha, ya wasichana wa Kipsigis. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika huko kwa gramafoni. Ala inayowasindikiza ni ya jamii moja na litungu la Wakurya. Msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama ataitambua upesi.

Lawama

Santuri za wakati ule zilichukua dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo ngoma ya kukesha ilikatwa ikabaki kipande. Tena Tracey alipenda zaidi muziki aliouona kuwa halisi kuliko ule wa mijini, ingawa mwaka 1952 alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Kongo. Lawama nzito zaidi ni kwamba nyimbo zilihifadhiwa na kuuzwa mbali na wenyewe. Katika miaka ya 2010 ILAM ilianza kurudisha nakala Kenya, na wazee wa Kipsigis wakasikia tena Chemirocha.