Padre D'Agostino na dawa za Bombay

Jumanne ni siku ya watoto katika kliniki ninayofanyia kazi hapa Lodwar. Ikifika saa mbili asubuhi jua limeshaanza kuchoma, na kina mama wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, shanga shingoni, watoto mapajani. Kazi yangu ni dawa: kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, kuuliza mtoto amekula nini tangu jana, kuandika tarehe ya kurudi. Mimi ni mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa saba huku. Kila nikifungua kopo la dawa za watoto humkumbuka mtu mmoja ambaye sikuwahi kuonana naye, na ambaye nikirudi nyumbani likizo naona vijana wetu hawamjui hata kwa jina.

Mtu huyo ni Padre Angelo D'Agostino. Kuna watakaouliza aliyesoma madrasa ana nini na padre. Wangoje kidogo, kwani kisa chenyewe kinapita Bombay, na Bombay sisi watu wa Pwani hatukuanza kuijua jana.

D'Agostino alizaliwa tarehe 26 Januari 1926 huko Providence, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, kwa wazazi wenye asili ya Italia. Alisomea udaktari, akahitimu 1949, akawa mpasuaji na akatumikia jeshi la anga la nchi yake. Kisha, akiwa na kazi ambayo wengi wangeishika kwa mikono miwili, akaingia utawa wa Wajesuiti. Alipewa upadre mwaka 1966. Akaongezea ubingwa wa magonjwa ya akili, akafundisha chuo kikuu mjini Washington. Kwa mtu mwingine hayo yangetosha maisha mazima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajesuiti walikuwa wameanzisha shirika lao la kuhudumia wakimbizi. D'Agostino akapelekwa Thailand, halafu akaja Nairobi kusimamia kazi hiyo Afrika Mashariki. Shirika hilo bado lipo Kakuma, kilomita zipatazo 120 kutoka hapa nilipo, likifundisha na kuwapa ushauri waliotoroka vita. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na mwaka huohuo, kule Karen, Nairobi, padre huyu akafungua nyumba ambayo ndiyo iliyomfanya ajulikane.

Kabla sijaieleza nyumba hiyo, nieleze nilichokiona mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya umma, nisiyotaka kuitaja. Kwenye wodi ya watoto palikuwa na kitanda cha pembeni. Mtoto mchanga akiachwa na mama yake, akapimwa damu na majibu yakaonyesha virusi, alilazwa pale. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba anangojewa afe, lakini maziwa yake yalichelewa, nepi yake ilichelewa, na daktari wa zamu alipita mbio. Nami nilipita. Nilikuwa na miaka 20 na nilikuwa naogopa.

Jambo ambalo hatukulielewa vizuri ni hili. Mtoto huzaliwa na chembechembe za kinga za mama yake zikizunguka kwenye damu. Kipimo cha kawaida cha siku zile kilikuwa kinatafuta kinga hizo, si virusi vyenyewe. Kwa hiyo kila mtoto wa mama mwenye virusi alionekana anavyo, ilhali hata pasipo dawa yoyote zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa wazima. Ilipasa kungoja hadi miezi 18 hivi, kinga za mama ziishe, ndipo ijulikane nani mgonjwa kweli. Wangapi waliachwa kwenye vitanda vya pembeni kwa ugonjwa wasiokuwa nao, Mungu ndiye ajuaye.

D'Agostino alikuwa amelikuta tatizo hilo hapo Nairobi. Watoto walioachwa hospitalini walikuwa wengi na wenye vituo vya mayatima hawakutaka waliopimwa wakaonekana na virusi. Basi Septemba 1992, pamoja na Sista Mary Owens kutoka Ireland, akaanza kituo alichokiita Nyumbani. Walianza na watoto watatu. Walilishwa, wakapendwa, wakatibiwa kila homa na kila kikohozi, na ulipofika wakati wa kupimwa tena, wengi wakawa hawana virusi, wakatafutiwa familia. Wenye virusi wakabaki. Hao walicheza, wakasoma, na mmoja baada ya mwingine wakafa, kwa sababu dawa haikuwepo.

Hapo niseme vizuri: dawa ilikuwepo duniani. Kuanzia 1996 wagonjwa wa Marekani na Ulaya waliokuwa wanakufa walianza kuinuka vitandani kwa mchanganyiko wa dawa tatu. Bei yake ilikuwa dola 10,000 hadi 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, lakini tangazo halinunui dawa. Watoto wa D'Agostino walikufa kwa bei. Naye alikuwa daktari, alijua hasa ni dawa ipi inayokosekana na inatengenezwa wapi.

Ndipo tunafika Bombay. Pale kuna kiwanda cha Cipla, kilichoanzishwa 1935 na Khwaja Abdul Hamied na kuendelezwa na mwanawe Yusuf Hamied, mwanakemia. Sheria ya India ya wakati ule haikutoa hataza kwa dawa yenyewe ila kwa njia ya kuitengeneza, kwa hiyo Hamied aliweza kuzitengeneza dawa zilezile kwa njia yake. Februari 2001 akatangaza kwamba mchanganyiko wa dawa tatu atawauzia madaktari wa MSF kwa dola 350 kwa mwaka. Chini ya dola moja kwa siku! Babu zetu walileta mchele na bafta kutoka bandari hiyo. Sasa ilikuwa inauza uhai, na bei yake ilikuwa inalipika.

Ila sheria ya Kenya haikuruhusu kuingiza dawa hizo bila idhini ya mwenye hataza. Muswada wa kuibadilisha ulikuwa bado unajadiliwa, na makampuni makubwa ya dawa yalikuwa yanaupinga. D'Agostino hakungoja. Mwanzoni mwa 2001 alitangaza hadharani kwamba Nyumbani itaagiza dawa za India, sheria iwe imepita au haijapita. Alikuwa na miaka 75. Alijua kwamba hakuna waziri ambaye angependa kupigwa picha akimkamata padre mzee kwa kosa la kuwanunulia dawa mayatima. Naamini alihesabu hivyo, na sioni aibu yoyote katika hesabu hiyo. Juni mwaka huo Bunge likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, na mlango ukafunguka kwa nchi nzima. Hakuufungua peke yake. Wanaoishi na virusi wenyewe, mawakili na madaktari walikuwa wanapiga kelele pamoja naye. Lakini alitangulia kuweka mguu mlangoni.

Makaburi kule Karen yakapungua kuchimbwa. Watoto waliokuwa wanangojewa kufa wakaanza kuota ndevu na kuulizia karo. Tatizo jipya likawa shule. Januari 2003 serikali ya Kibaki ilitangaza elimu ya msingi bure, ila shule za umma jirani na kituo hazikutaka watoto wa Nyumbani. Padre akaenda mahakamani, na Januari 2004 ikakubaliwa waandikishwe kama watoto wengine. Mwezi huohuo alikuwa Vatikani mbele ya waandishi wa habari, akiyashambulia makampuni ya dawa kwa maneno makali ambayo maaskofu wengi wasingethubutu kuyatumia.

Alikuwa pia ameanzisha, tangu 1998, mpango wa Lea Toto wa kuwatibu watoto majumbani mwao katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, maana aliona kituo kimoja hakiwezi kuwachukua wote. Mwisho akaanzisha kijiji kule Kitui cha kuwaweka pamoja mayatima na wazee waliofiwa na watoto wao. Mimi napenda wazo hilo kuliko yote aliyofanya. Tarehe 20 Novemba 2006 alifariki Nairobi, akiwa na miaka 80. Mwaka huohuo dawa zilianza kutolewa bure kabisa katika hospitali za umma Kenya.

Huku Lodwar bei haituui tena. Zamani nilikuwa nawapa watoto dawa ya maji ya lopinavir, chungu kama shubiri, ambayo inataka baridi wakati wa kuhifadhiwa. Hebu niambie baridi ya Turkana iko wapi! Mama aliichimbia shimo chini ya mkoma kandokando ya Mto Turkwel, akaifukia kwenye mchanga wenye unyevu, na mtoto akaitapika hata hivyo. Kisha ikaja dolutegravir ya watoto, kidonge kinachoyeyuka majini. Mwishoni mwa 2020 bei yake kwa nchi kama yetu ilipangwa kuwa chini ya dola 40 kwa mwaka, nayo inatengenezwa India vilevile. Watoto wanaimeza. Tukipima wingi wa virusi, wengi hawaonekani navyo.

Wanaonisumbua ni wale wasiorudi. Kaunti hii ina eneo kubwa kuliko nchi kadhaa, na watu 926,976 kwa sensa ya 2019, wengi wao wakifuata mifugo. Mvua ikinyesha mbali, boma zima linahama, na tarehe niliyoandika kwenye kadi haina maana. Katika ukame mama ananiambia kwamba dawa bila chakula inamchoma mtoto tumbo, kwa hiyo amempa siku mbili na kumnyima siku tatu. Siwezi kumlaumu. Damu ya mtoto mchanga hudondoshwa kwenye karatasi, ikakauka, ikasafirishwa hadi maabara ya mbali, na majibu yakirudi pengine mama hayupo. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na baadhi ya wenzetu waliokuwa wanalipwa na miradi wakaambiwa wakae nyumbani. Hao ndio waliokuwa wanapanda pikipiki kuwafuata waliopotea. Kopo lilikuwepo kabatini. Mtu wa kulipeleka ndiye aliyekosekana.

Usiku mwingine hujiuliza D'Agostino angefanya nini hapa. Nadhani asingeanza na barua kwa wizara. Angetafuta lori.

Jumanne iliyopita alikuja baba mmoja na binti wa miaka minne hivi. Ni nadra baba kuja. Mama amebaki na mbuzi, na boma lao linaelekea upande wa Kibish kwa kuwa huko kumenyesha. Utaratibu ulikuwa nimpe dawa za mwezi mmoja. Nimempa za miezi mitatu, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikamwonyesha jinsi ya kuyeyusha kidonge kwenye kikombe, naye akarudia mbele yangu mara mbili. Binti akanywa cha siku hiyo hapohapo. Baba akauliza kama najua saa ngapi lori la samaki linatoka sokoni. Nikamwambia saa nane, wakaondoka upesi.