Padri Johnson wa Liuli: Meli Iliondoka, Walimu Wakabaki



Mwaka huu tumechagua kumkumbuka Padri William Percival Johnson, ambaye kaburi lake liko Liuli. Hatumkumbuki kwa ajili ya dhehebu lake. Yeye alikuwa Mwanglikana. Wengi wetu wa Umatengoni ni Wakatoliki, na Waislamu tunao chamani. Tunamkumbuka kwa sababu chama kina uamuzi mzito wa fedha mwaka huu, na maisha yake yana somo kwetu.

Alizaliwa mwaka 1854 katika Kisiwa cha Wight, Uingereza, akasoma Oxford. Mwaka 1876 alikuja Zanzibar pamoja na Askofu Edward Steere, chini ya misheni ya UMCA. Mwaka huohuo alikuwa katika msafara uliowapeleka watumwa waliokombolewa kuanzisha makazi Masasi. Kutoka huko alielekea magharibi, akakaa kwa Mataka, mtawala wa Wayao, hadi alipofukuzwa mwaka 1881. Hakukata tamaa. Mwaka 1882 alikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa na Padri Charles Janson, ambaye alifariki muda mfupi baada ya kufika.

Anayeujua mwambao wetu anajua tabu yake. Milima inashuka karibu hadi majini, na upepo wa mwera ukivuma mtumbwi hautoki. Johnson aliona kwamba bila meli vijiji hivyo havitafikiwa. Akarudi Uingereza kuchangisha fedha. Wakati huo macho yake yaliugua: jicho moja likapofuka, la pili likabaki na nuru hafifu. Hata hivyo fedha zilipatikana. Meli iliyopewa jina la marehemu Charles Janson ilisafirishwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaanza kazi ziwani mwaka 1885.

Kwa macho hayo mabovu alifanya kazi zaidi ya miaka 40. Meli ilimshusha kijiji kimoja, akatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, kisha ikampokea mbele ya safari. Alilala walikolala wenyeji, akala walichokula. Mwaka 1895 rafiki yake wa tangu Oxford, Askofu Chauncy Maples, alizama ziwani. Mwaka 1901 ilishushwa majini meli kubwa zaidi yenye jina la askofu huyo. Iliundwa Glasgow, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa huku. Ndani yake palikuwa kanisa, tiba na darasa la kuwafundisha walimu.

Redio haikuwapo. Habari, iwe ya dini, ya kusoma na kuandika au ya dawa, ilifika kijijini kwa njia tatu: meli, kitabu na mwalimu. Kuhusu kitabu, Johnson alitumia miaka mingi kutafsiri Biblia kwa Kinyanja, na Biblia nzima ilitoka mwaka 1912. Kuhusu mwalimu, kila kijiji alichofika alitafuta kijana wa kufundishwa, naye akamwachia kazi.

Kisha ikaja vita ya 1914. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ilishambuliwa mwanzoni kabisa mwa vita hiyo. Wamisionari Waingereza hawakuweza tena kufanya kazi upande wetu wa ziwa. Meli ya Chauncy Maples ilichukuliwa na serikali kwa shughuli za vita. Kilichobaki ni walimu wa Kiafrika. Hao ndio walioendelea kukusanya watu, na wengine wao waliteswa kwa kushukiwa kuwa watu wa Waingereza. Amani iliporudi, Johnson alikuta kazi ipo. Alihamia Liuli, akafariki hapo Oktoba 1928 akiwa na miaka 74.

Sisi tunaoshika daftari la chama tunaisoma habari hii kwa jicho la mahesabu. Meli ilikuwa mali ya thamani, nayo ikaondoka siku moja kwa amri ya serikali. Fedha iliyotumika kwa watu haikuweza kuchukuliwa na yeyote. Hatusemi kwamba meli ilikuwa ya bure, maana bila meli hiyo walimu wale wasingefundishwa. Ila meli ilikuwa chombo, na walimu ndio waliokuwa lengo.

Mbele yetu kuna mapendekezo mawili: kujenga ukumbi wa chama, au kuanzisha mfuko wa karo kwa vijana wa Mbinga na Nyasa wanaosomea uuguzi, ukunga na ualimu, ambao watakubali kurudi kufanya kazi nyumbani. Ukumbi utaonekana na utapigwa picha. Muuguzi aliye katika zahanati ya kijiji cha mwambao haonekani kutoka Dar es Salaam, lakini mama anayejifungua usiku, mwera ukivuma, anamwona.

Kamati inapendekeza mfuko wa karo. Ukumbi usubiri. Tunaomba kila mwanachama atoe kadiri ya uwezo wake, achukue stakabadhi yake, na mwakani atudai hesabu: si ya shilingi tu, bali ya vijana wangapi wamesoma na wangapi wamerudi.

Karibuni tuchangie nyumbani.