Pierre Schaeffer, Fundi Aliyekata Sauti

Wenzangu kadhaa shuleni hapa ni mafundi wa kukata sauti kwa kompyuta. Huchukua rekodi ya mpiga ngoma, wakaikata vipande vipande, wakaweka kila kipande katika kitufe kimoja cha kinanda, kisha wakavipiga kwa mpango wao wenyewe. Wako wanaowabeza kwamba huo si muziki, ni uvivu wa mtu asiyetaka kujifunza ala. Kabla hatujahukumu, naona yafaa tumjue mtu aliyeifanya kazi hiyo zamani, kompyuta za namna hii zilipokuwa hazijaonekana duniani.

Pierre Schaeffer alizaliwa Nancy, mji ulio mashariki ya Ufaransa, tarehe 14 Agosti 1910. Baba yake alikuwa mpiga fidla na mama yake mwimbaji. Mtu angedhani kwamba mtoto wa wazazi hao atafuata muziki, lakini wazazi wenyewe hawakumtia moyo katika njia hiyo, bali walimsomesha uhandisi. Mwaka wa 1929 aliingia École Polytechnique ya Paris, chuo chenye sifa kubwa, na mwaka wa 1936 alianza kazi katika redio ya Ufaransa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani, aliongoza studio ndogo ya majaribio iitwayo Studio d'Essai. Mwezi wa Agosti 1944, Paris ilipokuwa ikikombolewa, studio hiyo ndiyo iliyotoa matangazo ya kwanza ya redio iliyo huru.

Vita vilipokwisha, fikira zake zilirudi kwenye sauti. Mwaka wa 1948 alikusanya vitu vya kugonga na kupuliza katika studio, akitaka kutunga muziki kwa makelele. Vyombo hivyo havikumridhisha. Basi akageukia santuri, maana wakati ule redio yao ilitia sauti katika santuri, wala si katika utepe. Akawaza kuwa na gramafoni 144, kila moja ikiwa na sauti yake moja tu, na mtu mmoja akizipiga kama apigavyo kinanda. Gramafoni 144 hakuzipata, lakini wazo hilo halikumtoka.

Mwezi wa Mei mwaka huo alikwenda na mtambo wa kurekodi kwenye kituo cha garimoshi cha Batignolles, Paris, akawaomba madereva wapige honi na kuendesha injini zao kwa zamu. Sauti hizo akazipanga upya studioni, zikawa muziki wa dakika chache. Muziki huo pamoja na mingine minne, mmojawapo ukiwa na sauti za sufuria, ulitangazwa redioni tarehe 5 Oktoba 1948.

Sasa nieleze namna alivyofanya, kwa kuwa hapo ndipo penye elimu. Mfereji wa santuri huzunguka kama kamba iliyoviringwa, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Schaeffer aliufanya mfereji ujifunge, mwisho wake ukutane na mwanzo wake. Sindano ikiingia humo haitoki tena, hurudia sauti ile ile kila mzunguko. Santuri ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, hivyo kipande hicho kilidumu kama robo tatu za sekunde. Mlio wa garimoshi ukirudiwa hivyo mara nyingi, msikilizaji husahau garimoshi, akaanza kusikia mdundo.

Jaribio la pili lilihusu kengele. Alirekodi mlio wake bila ule mgongo wa mwanzo, akiongeza sauti baada ya kengele kwisha kugongwa. Mlio uliobaki haukufanana tena na kengele. Akajua kwamba sikio huitambua ala hasa kwa mwanzo wa mlio wake. Mwenzangu akatapo sauti leo na kuchagua mahali pa kuanzia kipande, anagusa siri hiyo hiyo.

Mwaka wa 1951 studio yake ilipata mashine za utepe wa sumaku, na utepe waweza kukatwa kwa wembe na kuungwa. Mwaka huo huo ikatokea mashine iliyoitwa phonogène, aliyoitengeneza pamoja na mhandisi Jacques Poullin. Ilikuwa na vitufe 12 kama vya piano. Ndani yake mlikuwa na utepe uliounganishwa ncha zake, na kila kitufe kiliuvuta kwa gurudumu la ukubwa wake. Kitufe cha juu kiliuvuta mbio zaidi, sauti ikawa nyembamba. Cha chini kiliuvuta polepole, ikawa nene. Kila hatua ya kitufe huongeza mwendo kwa kadiri ya asilimia 6, na baada ya hatua 12 mwendo umekuwa maradufu. Hesabu hiyo haijabadilika. Programu ya kompyuta ikitandaza sauti moja juu ya vitufe vyote yaweza kuitumia hiyo hiyo, na ikitia kipande tofauti katika kila kitufe, imetimiza ile ndoto ya gramafoni 144.

Schaeffer hakufanya kazi peke yake. Tangu mwaka wa 1949 alisaidiana na kijana Pierre Henry, aliyesomea muziki kwa kweli, na mwezi wa Machi 1950 wakapiga hadharani utungo wao mkubwa, Symphonie pour un homme seul. Mambo yake yaligusa Afrika pia, kwani katika miaka ya 1950 aliongoza shirika la redio la makoloni ya Ufaransa, lililofundisha Waafrika kazi ya utangazaji, hata alipoondoka mwaka wa 1957. Mwaka wa 1966 alitoa kitabu kinene, Traité des objets musicaux, akizipanga sauti kwa jamii zake kama mwalimu wa baiolojia apangavyo mimea. Alifariki Aix-en-Provence tarehe 19 Agosti 1995, akiwa na umri wa miaka 85.

Katika uzee wake jambo moja lilitokea ambalo limenifikirisha sana. Mzee huyu alitangaza kwamba juhudi yake ilikuwa imeshindwa, na kwamba nje ya do-re-mi hakuupata muziki aliokuwa akiutafuta. Wale wanaowabeza wenzetu wangefurahi kusikia hivyo. Kumbe mwenye kazi mwenyewe alikuwa upande wao!

Mimi, pamoja na heshima zote nimpazo, sikubaliani naye. Alijipima kwa muziki wa Bach, na huo ni mzani mzito. Lakini mvivu hahangaiki na mlio mmoja wa kengele, wala haendi kituoni kuwaomba madereva wa garimoshi wampigie honi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, akasikiliza mpaka akagundua yaliyo ndani ya sauti tunazozipita kila siku. Kwa hiyo nawaambia wanaobeza: msihukumu kwa chombo, ulizeni kama mkataji amesikiliza. Na ninyi mnaokata, ukumbukeni wembe na utepe. Kompyuta imewapunguzia kazi ya mikono, ya masikio haijawapunguzia hata kidogo.