Marie Curie: Msichana aliyesoma fizikia ugenini kwa lugha ya kuazima

Jina la Marie Curie wengi wetu tulilisikia darasani. Tuliambiwa ni mama aliyegundua radiamu, tukaandika kwenye daftari na kusonga mbele. Ni wachache walioelezwa jinsi alivyoipata shahada yake ya kwanza ya fizikia.

Mimi nafundisha somo hilo hapa Burundi tangu niliporejea kutoka Tanzania. Kwa maoni yangu, miaka yake ya chuo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tuliorudi, pamoja na watoto wetu.

Alizaliwa Novemba 7, mwaka 1867, mjini Warsaw, akaitwa Maria Skłodowska. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake alifundisha hisabati na fizikia, na mama yake aliongoza shule ya bweni ya wasichana.

Wakati huo nchi yao, Poland, haikuwepo kwenye ramani. Ilikuwa imegawanywa na Urusi, Prussia na Austria, na Warsaw ilikuwa chini ya Urusi. Watoto walifundishwa kwa Kirusi shuleni, na Kipolandi kikabaki lugha ya nyumbani. Watawala waliondoa hata mazoezi ya maabara katika shule za Wapolandi, ndipo baba yake akavipeleka vifaa nyumbani na kuwafundisha wanawe mwenyewe.

Mama yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1878, Maria akiwa na miaka 10. Hata hivyo, mwaka 1883 alimaliza sekondari akiwa wa kwanza, akapewa medali ya dhahabu.

Hapo njia ikafika mwisho. Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Maria na dada yake Bronisława wakajiunga na chuo cha siri, ambacho madarasa yake yalihama kutoka nyumba moja hadi nyingine ili kuwakwepa polisi.

Kisha ndugu hao wawili wakafanya mapatano. Bronisława angetangulia Paris kusomea udaktari, na Maria angefanya kazi ili amtumie fedha. Akishamaliza, naye angemvuta mdogo wake.

Kuanzia mwaka 1886 Maria aliishi kijijini Szczuki kama mwalimu wa watoto wa familia yenye mashamba. Mchana alifundisha, na usiku alisoma fizikia na hisabati peke yake. Aliwafundisha pia watoto wa wakulima kusoma Kipolandi, jambo ambalo lingeweza kumfikisha mikononi mwa polisi. Alipendana na kijana wa nyumba hiyo, lakini wazazi wa kijana walikataa wasioane kwa sababu Maria hakuwa na mali. Alimeza uchungu na kuendelea na kazi, kwa kuwa dada yake alihitaji ada.

Safari yake ilifika Novemba 1891, akitimiza miaka 24. Alisafiri kwa treni, na katika Ujerumani alipanda behewa la daraja la nne, akiwa amebeba chakula, blanketi na kiti chake cha kukunja. Wasomaji waliowahi kurudi nyumbani juu ya lori lenye mafurushi hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo.

Paris alijiandikisha Sorbonne, Kitivo cha Sayansi. Mara moja akagundua kwamba wenzake wamemwacha nyuma. Kifaransa alichojifunza Warsaw hakikutosha kumfuata profesa anayezungumza haraka, na hisabati aliyojisomea kijijini ilikuwa na mapengo makubwa. Mbele yake walisimama watu wazito kama Gabriel Lippmann, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, na mwanahisabati Paul Appell.

Mwanzoni alikaa kwa dada yake, lakini nyumba ilikuwa mbali na chuo na ilijaa wageni. Akapanga chumba kidogo chini ya paa, karibu na chuo. Matumizi yake yalikuwa kama faranga tatu kwa siku. Ninyi mnaovuka mpaka na magunia ya dagaa mnajua hesabu ya namna hiyo: ukiongeza hapa, unapunguza pale. Yeye alipunguza kwenye makaa ya mawe na chakula. Majira ya baridi maji yaliganda chumbani, naye alilala akiwa amejifunika nguo zake zote. Kuna wakati alizimia kwa njaa.

Julai 1893, chini ya miaka miwili tangu ashuke kwenye treni, alifanya mtihani wa shahada ya fizikia. Matokeo yaliposomwa, Maria Skłodowska alikuwa wa kwanza.

Fedha zilikuwa zimekwisha, na ingebidi arudi Warsaw moja kwa moja. Akaokolewa na ufadhili wa rubo 600 uliotolewa kwa Wapolandi wanaosoma nje. Mwaka 1894 alipata shahada ya pili, ya hisabati, akishika nafasi ya pili. Baadaye, alipoanza kulipwa kwa kazi yake, aliweka akiba na kuzirudisha rubo zile zote. Hakudaiwa, bali alitaka mwanafunzi mwingine apate nafasi.

Nia yake ilikuwa kurudi nyumbani kufundisha. Majira ya joto ya mwaka 1894 alirudi Poland. Akatafuta kazi katika Chuo Kikuu cha Kraków, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akarejea Paris, na mwaka 1895 akaolewa na mwanafizikia Pierre Curie.

Yaliyofuata dunia nzima inayajua. Mwaka 1898 wawili hao walitangaza elementi mbili mpya. Ya kwanza waliiita poloniamu kwa heshima ya Poland, nchi ambayo bado haikuwepo kwenye ramani, na ya pili radiamu. Alipata Nobel ya fizikia mwaka 1903 pamoja na mumewe na Henri Becquerel, na ya kemia mwaka 1911 peke yake. Pierre alikufa mwaka 1906 kwa kugongwa na gari la farasi, na Marie akachukua nafasi yake darasani, akiwa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Alifariki Julai 4, mwaka 1934, kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na miale aliyoishi nayo miaka mingi.

Nyumbani hakurudi kuishi. Lakini mwaka 1932 Taasisi ya Radiamu ilifunguliwa Warsaw, katika Poland iliyokuwa huru tangu mwaka 1918. Mkurugenzi wake alikuwa Bronisława, yule dada wa mapatano.

Kwa nini nayaandika haya? Kila mwaka napokea wanafunzi waliotoka Tanzania. Wamesoma msingi kwa Kiswahili, wengine wameonja sekondari kwa Kiingereza, na hapa wanakuta Kifaransa. Mimi nilipitia njia hiyo hiyo. Katika mtihani wa kwanza wanapata alama mbovu, na mtu mzima mmoja, mwalimu au mzazi, anaamua kwamba mtoto hana kichwa cha sayansi. Wasichana ndio wanaoondolewa mapema zaidi, wakapelekwa kuuza sokoni au kuolewa.

Jiwe huanguka kwa mwendo ule ule, ulielezee kwa Kiswahili au kwa Kifaransa. Mtoto anayejua hivyo amekosa maneno tu, na maneno hujifunzwa.

Simsifu mtu kwa kulala njaa, wala sitaki binti yeyote azimie juu ya kitabu. Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kile ambacho ndugu wale wawili walifanya: kukubaliana nani anatangulia na nani anafuata, na kutimiza ahadi. Na kabla ya kumtoa binti kwenye darasa la fizikia kwa sababu ya Kifaransa, mpeni miaka miwili. Ndiyo muda ambao Maria aliutumia.