Mwalimu Mtoro na mkataba wa Berlin

Huku kwetu Shinyanga, Kahama na Geita, neno mkataba analijua hata mtoto. Tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ianze kutoa dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 2000, tumezoea kumpima mtu kwa mkataba wake: ni wa muda gani, na unalipa kiasi gani. Akitokea mtu aliyeacha kazi kabla ya muda kwisha, hukumu hutolewa papo hapo barazani: huyo hana subira, amechezea riziki. Kama kazi yenyewe ilikuwa nje ya nchi, ndiyo kabisa. Mwalimu mwenzangu mmoja alirudi hivyo kutoka ughaibuni, na hadi leo akishaswali Ishaa huondoka haraka msikitini ili asiulizwe.

Kwa ajili yake na wengine mfano wake, leo tumkumbuke Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Dunda, jirani na Bagamoyo. Bagamoyo ndiyo iliyokuwa bandari ya misafara, mahali ambapo wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walitua mizigo yao ya pembe baada ya mwendo wa miezi. Hapo Mtoro alisoma Qur'an na elimu ya dini. Wajerumani walipoitawala nchi, aliingia katika kazi ya kuwakusanyia kodi. Tusifiche hilo, hakuwa mpiganaji wa vita vya kumwondoa mkoloni.

Mwaka 1900 akachukuliwa kwenda Berlin, kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887. Wanafunzi wake walikuwa maofisa, wanajeshi na wafanyabiashara waliokuwa wakijiandaa kuja kutawala na kuchuma huku. Maprofesa wa Kijerumani walifundisha sarufi, naye mwenye lugha aliwazoesha kusema na kuandika. Cheo chake kilikuwa chini ya maprofesa hao.

Ndani ya miaka hiyo ndipo ilipotoka kazi yake kubwa, Desturi za Wasuaheli, mwaka 1903. Ni kitabu kinachoeleza maisha ya watu wa mrima tangu kuzaliwa, kwenda chuoni, kuoa, hadi kuzikwa. Sehemu kubwa ya maandiko hayo ni yake. Hata hivyo, jina lililotangulia kwa muda mrefu lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya na kuyachapisha. Ilibidi ifike mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, ndipo jina la Mtoro likae juu ya jalada.

Sasa, ndugu msomaji, mtu huyu aliacha kazi yake Berlin kabla ya mkataba kwisha. Kwa nini? Si kwamba alishindwa kufundisha. Baadhi ya wanafunzi walimdharau kwa rangi yake. Walihitaji ulimi wake, lakini hawakutaka kumwita mwalimu. Sisi tuliolelewa chuoni tunajua kwamba mwanafunzi asiye na adabu kwa mwalimu wake hata elimu haimkai. Mtoro alilelewa hivyo hivyo, akakataa.

Je, aliondoka akapata raha? La. Mwaka 1904 alikuwa amemuoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakafunga safari kuja nyumbani. Walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikawazuia, kwa kuwa haikutaka kumwona mwanamke wa Kizungu akiishi hapa kama mke wa mtu mweusi. Wakarudi Ujerumani. Mtu akaifikia bandari ya nchi yake, asiweze kwenda kwao Bagamoyo!

Baadaye, kuanzia mwaka 1909, alifanya kazi Hamburg akimsaidia Profesa Carl Meinhof kufundisha Kiswahili, kazi isiyopishana sana na ile aliyoiacha. Kisha akawa akizunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927, bila kurejea kuishi kwao.

Tunajifunza nini? Uislamu umetuamrisha kutimiza ahadi, na Sura ya Al-Maida inaanza kwa amri hiyo. Lakini ahadi ina pande mbili. Aliyeajiri mwalimu kisha akaacha avunjiwe heshima darasani, huyo naye ametimiza upande wake? Mara nyingi tunamhoji anayeondoka, na aliyemfukuza kwa dharau haulizwi kitu.

Hata hivyo, kwa anayefikiria kuondoka, Mtoro anamfundisha pia kwamba heshima ina gharama, na gharama hiyo huweza kulipwa kwa miaka. Basi apime, ashauriane na watu wake, aswali istikhara, ajue atarudi vipi na atakula nini.

Na sisi wa barazani, tukimwona ndugu amerudi na begi lake kabla ya muda, tumpe kwanza kiti na chai. Akitaka kueleza, ataeleza. Dar es Salaam ya mwaka 1905 ilimfungia mlango Mtoro kwa amri ya mkoloni. Sisi tunawafungia wetu kwa amri ya nani?