Mtunza Bustani Aliyedai Kisiwa

Leo twamkumbuka Eddie Koiki Mabo, aliyezaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Mer, baina ya Australia na Guinea Mpya. Huko kila ukoo uliijua mipaka ya shamba lake na kuirithisha kwa wana na wajukuu. Katika daftari za serikali, hata hivyo, ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza.

Mabo hakulijua jambo hilo hadi wanahistoria walipomweleza katika miaka ya 1970, akiwa mtunza bustani wa chuo kikuu mjini Townsville. Alishangaa, lakini hakukata tamaa. Mwaka 1982 yeye na wenzake wanne waliishitaki serikali ya Queensland. Mwaka 1985 serikali hiyo ilitunga sheria ya kuifuta haki waliyoidai. Mahakama Kuu ya Australia ikaibatilisha mwaka 1988. Mabo alifariki Januari 1992. Tarehe 3 Juni mwaka huo mahakama ilitamka kwamba watu wa Mer ndio wenye haki ya ardhi yao.

Hukumu hiyo peke yake haikuwaondolea wenyeji shida za nyumba, afya na elimu. Hata hivyo yatufunza sisi wa visiwani tusinyamaze, na maofisa wetu wasidhani kwamba kisichoandikwa ofisini hakipo. Mpango wowote wa maendeleo hauna budi kuanza kwa kumwuliza mwenyeji.